Mayai ya Malai ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nilikuta nyumba yenye kuku wengi kuliko watu na mlaji wa mayai mmoja tu. Mlaji huyo alikuwa baba mkwe wangu. Kuku wenyewe walikuwa wa mama mkwe. Yeye ndiye aliyewafungulia asubuhi, akawatupia mtama, akawafukuzia mwewe, na kideri kilipoingia ndiye aliyewanywesha maji ya pilipili na kuwazika waliokufa. Lakini yai, mara tu lilipomtoka kuku, lilibadili uraia likawa la mzee. Ilikuwa miaka ya sabini, na nchi nzima ilikuwa inaambiwa kwamba kila mtu ale jasho lake. Kuku wa kwetu walikuwa hawajapata habari hiyo.

Sababu, nilielezwa, ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Mwanamke akila yai atazaa mtoto kipara. Akila firigisi atakuwa na kiburi. Paja la kuku nalo lilikuwa na matatizo yake, nimeyasahau. Shingo, miguu na kichwa havikuwa na madhara yoyote kwa afya ya mwanamke, na kwa ukarimu mkubwa tuliachiwa.

Mimi nilizaliwa mjini, nyuma ya soko la Shinyanga, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Tabora na mama mwenye asili ya pwani. Nilikula mayai tangu nikiwa na meno ya utotoni, na nywele zangu zilikuwa nzito kiasi cha kuvunja vitana. Niliwahi kulisema hilo. Mama mkwe alinitazama kichwani kwa muda, akajibu kwamba nywele zangu si hoja, hakuna aliyesema kipara kitakuwa changu, kipara kitakuwa cha mtoto. Bibi harusi hashindi hoja jikoni kwa watu.

Mume wangu hakuwepo kunisaidia. Alikuwa utingo wa lori la pamba, akizunguka Masumbwe na Geita msimu mzima, na alipopita nyumbani alikuwa amechoka na mwenye vumbi hadi ndani ya masikio. Alipokubali kusilimu ili anioe alibadili jina, akaacha pombe kwa muda fulani, lakini kwa upande wa mayai alibaki kwenye dini ya baba yake.

Basi nikashika mimba.

Mwanzoni nilidhani kizunguzungu ni sehemu ya heshima ya mama mjamzito. Nikiinama kufagia, uwanja unainama nami. Nikibeba ndoo, moyo unadunda masikioni. Mama mkwe aliniangalia akifanya hesabu zake za kimyakimya, na siku ya kliniki akajifunga khanga yake nzuri, akasema tunakwenda wote.

Pale kliniki mkunga alinivuta kope ya chini, akaangalia viganja vyangu, akauliza kama nyumbani tunakula. Nikasema tunakula. Akauliza tunakula nini. Nikasema ugali, mlenda na majani ya kunde ya kukausha. Akauliza, "Na wanaume wanakula nini?" Hapo mama mkwe akakohoa.

"Binti," mkunga alisema, "damu yako ni kama chai ya majani yaliyorudiwa. Nenda kakae pale kwa mwalimu wa lishe, usiondoke mpaka amalize."

Mwalimu wa lishe alikuwa mwanamke wa pwani, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuongoza kaswida. Alikuwa na meza, stovu ya mafuta ya taa, na imani kubwa. Wajawazito tulikaa kwenye mabenchi mbele yake kama watu walioitwa kushuhudia upasuaji. Akavunja mayai ndani ya bakuli, akayapiga kwa uma mpaka yakatoa povu. Akaengua malai juu ya maziwa yaliyochemshwa na kulala, akayatia humo na chumvi. Samli ilipoyeyuka akamimina, akawa anakoroga polepole kama anayembembeleza mtoto alale, na akaepua kabla hayajakauka. Yakabaki laini, mazito, yanang'aa, rangi ya manjano iliyokolea.

"Haya ni mayai ya malai," akasema. "Yai lina protini, inajenga mwili wako na wa mtoto. Kiini kina madini ya damu, kina vitamini ya macho. Malai yana mafuta, yanakupa nguvu. Mama mjamzito akila haya kila asubuhi, hata jina la kizunguzungu atalisahau. Nani ataonja?"

Hakuna aliyeonja. Wanawake walitazama sakafu. Mmoja alifunga mdomo kwa khanga kabisa, kana kwamba yai lingemrukia. Mwalimu akacheka, akasema anajua, ameshasikia habari za kipara tangu alipofika mkoa huu, na yeye mwenyewe amezaa watoto wenye nywele na hakuna siku aliyokosa yai. Kisha akanipa mimi kijiko.

Nilikula. Sitasema uongo: nilikaribia kulia. Si kwa sababu ya protini. Ni kwamba yalikuwa na ladha ya nyumbani kwa mama yangu siku ya Idi. Mama mkwe alipewa kijiko naye. Akakishika mkononi kwa adabu, akakinusa, halafu akanipa mimi, nacho nikakimaliza. Alinitazama nikimeza kama mtu anayetazama mtoto akivuka barabara.

Jioni ile alikwenda kutoa taarifa kwa mzee. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, maana kwa desturi yao mke wa mwana hakai na baba mkwe. Hali chakula naye, hamkazii macho, hapiti mbele yake. Na baba mkwe naye hathubutu kumtazama mkwewe mwilini, sembuse akiwa na mimba. Ni aibu ambayo mtu huisafisha kwa kutoa mbuzi. Kwa hiyo nilimjua baba mkwe kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na sauti alikuwa nayo.

"Wamesemaje huko?" aliuliza.

"Wamesema mke wa mwanao hana damu," mama mkwe akajibu. "Anatakiwa ale mayai na malai kila asubuhi."

Nikasikia kiti kikilia.

"Hayo mayai yanafanya nini?"

"Yanaongeza damu. Yanajenga mwili. Yana kitu cha macho."

"Cha macho?"

"Ndivyo alivyosema mwalimu."

"Mimi," mzee akasema taratibu, "tangu masika yaliyopita siwaoni vizuri ng'ombe wakiwa kule bondeni."

Nikamsikia mama mkwe akikusanya vyombo.

"Na kiuno hiki."

"Kiuno hakikutajwa, baba."

"Umesema yanajenga mwili. Kiuno si mwili?" Mzee akashusha pumzi kama mtu aliyegundua ugonjwa wake baada ya kuhangaika miaka mingi. "Kesho anipikie. Si amejifunza?"

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ale mchicha. Mchicha hauleti kipara."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kulisha protini mtu asiye na upungufu wowote. Kila asubuhi nilivunja mayai, nikayapiga mpaka povu, nikatia malai, nikakoroga polepole kama anayembembeleza mtoto, na bakuli likapelekwa kwa mzee likiwa limefunikwa. Mimi nilibaki na sufuria. Niliruhusiwa kuiosha. Lazima nikiri kwamba miaka mingi baadaye nesi mmoja aliniambia mchicha, dagaa na maini vina madini ya damu kuliko yai, na yai mwalimu alikuwa amelipamba kidogo. Kwa hiyo mzee, kwa bahati mbaya, alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba dagaa na maini navyo aliona vinamfaa yeye.

Mayai ya malai yalimkubali sana. Mashavu yalijaa, shati la ujumbe likaanza kugombana na vifungo. Na kwa kuwa mtu hawezi kupata elimu akainyima jamii, akaanza kuhubiri. Mgeni akija kulalamikia mpaka wa shamba, kabla ya kusikilizwa aliambiwa habari za polotini. "Polotini inakaa kwenye yai," mzee alisema. "Ukiila unaisikia inashuka mpaka magotini." Wazee wenzake wakatikisa vichwa. Mayai yakaadimika kwenye nyumba zote kumi, kwa maana kila mzee aligundua kwamba macho yake nayo hayakuwa mazuri tangu masika.

Mimi, mimba ilizidi kukua na mimi nikazidi kupungua. Ilikuwa kama tunagawana chakula na mtoto ndiye mjumbe.

Siku niliyoanguka tulikuwa uani tunachambua pamba, mama mkwe na mimi, tukitenga nyeupe na yenye madoa. Jua lilikuwa kali. Nikasimama kwenda kuchota maji, na ile pamba yote nyeupe ikapanda juu ikanifunika. Nilipopata fahamu kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama mkwe, uso umelowa, naye amenishika kope ya chini kwa kidole gumba, kama alivyomwona mkunga akifanya. Aliiachia. Akachukua mkono wangu, akakunjua kiganja, akakitazama muda mrefu.

"Alikuwa na viganja hivihivi," akasema.

"Nani, mama?"

"Binti yangu."

Nilijua mume wangu alikuwa na dada aliyefariki. Aliwahi kunigusia mara moja, na kwa jinsi alivyogeuza mazungumzo nikaelewa kwamba nyumbani kwao jambo hilo halisemwi. Sasa mama mkwe alilisema, akiangalia pamba, bila kupandisha sauti.

"Alizaa salama. Mtoto akalia. Halafu damu ikaanza kutoka, na yeye hakuwa nayo ya kutoa. Mtoto naye akamfuata." Akapangusa uso wangu kwa ncha ya khanga. "Hakuwahi kula yai hata moja, yule. Alikuwa mtii. Na mtoto alikuwa na nywele nzuri sana."

Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Kisha akaniinua, akaniegemeza kwenye gunia, akaendelea kuchambua pamba ya wote wawili.

Kesho yake asubuhi nilikuta ameshawasha moto.

"Leo napika mimi," alisema. "Wewe kaa."

Kwenye sufuria kulikuwa na boga limechemka, lile la ndani ya manjano kabisa. Akalimenya, akaliponda kwa mwiko mpaka likawa laini bila tonge. Akatia malai mengi. Akatia samli bila huruma, chumvi, halafu akachukua yai moja, akaliangalia kama anayeaga mtu, akalivunjia humo. "La harufu," akasema. Akakoroga juu ya moto mdogo. Niliutazama ule mchanganyiko, na mimi niliyefundishwa na mwalimu mwenyewe, nisingeweza kuapa mbele ya kadhi kwamba si mayai ya malai.

Lile bakuli likaenda kwa mzee. Mayai mengine yote akayapika kwenye kikaango kidogo, kwa malai yaliyobaki, akayaweka mbele yangu. Kisha akageuka akanipa mgongo, akatazama ukuta.

"Kula," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Nilikula nikitazama mgongo wake. Alikuwa anaogopa kweli. Hakuwa ameacha kuamini kipara, msinielewe vibaya. Aliamini mtoto atazaliwa na kichwa kama kibuyu, na alikuwa ameamua iwe hivyo.

Kutoka nje tukasikia sauti ya mzee. Tukashika pumzi.

"Leo," alitamka, "leo ndiyo mmepatia."

Tangu siku hiyo chakula cha mzee kikawa boga, na sifa za yai zikazidi kupanda. Alisema polotini ya sasa ni bora kuliko ya mwanzo. Alisema inateremka vizuri zaidi, haimpi gesi. Alisema anawaona ng'ombe bondeni, wote, na mmoja anachechemea. Na kweli alikuwa anachechemea, tulikwenda kuangalia. Mama mkwe alisikiliza sifa hizo amepiga goti, ameinamisha kichwa, kama mke mwema anavyopaswa. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yanatikisika.

Nami nikaanza kurudiwa na nguvu. Nilibeba ndoo na moyo ukabaki kifuani, mahali pake. Kucha zikapata rangi. Mama mkwe alinivuta kope kila baada ya siku chache, akaguna, akaenda zake. Mkunga naye alinipa vidonge vya damu, na nilivimeza, kwa hiyo siwezi kuwapa kuku sifa zote. Lakini vidonge havikunipa nguvu za kuchambua pamba kutwa nzima. Mayai yalinipa.

Halafu mwalimu wa lishe akatangaza kwamba anakuja kijijini.

Mjumbe ndiye aliyetakiwa kukusanya watu, na mjumbe alikuwa baba mkwe. Hakuna mkutano uliowahi kuandaliwa kwa furaha kama ule. Siku yenyewe alitoka alfajiri kugonga milango, hata kifungua kinywa chake akakiacha jikoni kimefunikwa. Watu walijaa mbele ya ghala la pamba, wanaume kwenye mbao kivulini, wanawake chini upande wa jua, kila mtu kwa kadiri ya mahitaji yake ya kiafya. Mama mkwe na mimi tulikaa katikati ya wanawake, mbali na njia.

Mwalimu alisalimia, akaeleza yale yale ya kliniki, kisha akauliza kama yupo hapa aliyejaribu kupika mayai ya malai nyumbani kwake. Alitarajia kimya.

Mzee akasimama. Alikuwa amevaa koti.

"Mwalimu," alisema, "mimi unayeniona hapa ni mtu wa polotini."

Akasimulia. Macho, kiuno, magoti, ng'ombe anayechechemea. Mwalimu wa lishe aliweka mkono kifuani. Naamini katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mwanamume aliyesimama hadharani kulitetea yai namna ile. Alipiga makofi, nasi tukapiga.

"Natamani ningeyaona hayo mayai ya nyumbani kwako, mzee wangu," akasema.

Alisema kwa adabu tu, kama mtu anavyosema "karibuni kwetu." Lakini mzee alikuwa mkarimu. "Mbona yapo!" akasema. "Sijala bado." Akamtuma mdogo wake, mtu mzima mwenye haraka, aende jikoni alete bakuli lililofunikwa.

Mama mkwe alinishika mkono. Nilitaka kuinuka, lakini tumbo langu wakati ule halikuwa la kuinuka kwa siri, na yule mdogo wa mzee alishafika nusu ya njia. Mayai ya siku hiyo nami nilikuwa nimeshayamaliza. Tulibaki tumekaa kama watu waliosikia treni na miguu yao iko kwenye reli.

Bakuli likaja. Mzee akalifunua mwenyewe. Mwalimu akachukua kijiko, akatia mdomoni, akafumba macho, akayafumbua. Akaonja tena.

"Mzee," alisema, na alisema kwa upole, "haya si mayai. Hili ni boga."

Mzee alilichukua bakuli akalitazama, kwa macho yake mapya.

"Boga?"

"Boga, baba. Limepikwa vizuri sana. Lina malai, lina samli. Lakini ni boga."

Mzee akageuka upande wa wanawake. "Mama!" aliita. "Mayai yangu yako wapi?"

Mama mkwe alisimama. Katika ndoa yao yote sijui kama alishawahi kumjibu mumewe mbele za watu. Mimi sikuwahi kusikia. Akanyoosha mkono wote, akanionyesha mimi, tumbo langu.

"Yako humo," akasema.

Watu wote mia na ushei waligeuka kunitazama. Wote, isipokuwa mmoja. Mzee alianza kugeuza shingo, akafika nusu, akakumbuka. Yeye ni baba mkwe. Hana ruhusa ya kutazama mahali ushahidi ulipo. Shingo ikakwama. Akatazama juu, kwenye bati za ghala, akabaki anazikagua kama fundi aliyeitwa kuziba tundu, na bakuli la boga mkononi.

Mwanamke mmoja akashindwa kujizuia. Kisha wa pili. Kisha upande wote wa jua ukacheka, na baada ya muda upande wa kivuli ukaanza nao, kwa kujikohoza kwanza. Mimi nilikuwa nimejifunika khanga usoni na sikujua nalia au nacheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alibaki amesimama, mkono umeshuka, akisubiri hukumu.

Mwalimu wa lishe ndiye aliyemwokoa mzee, na Mungu amlipe. "Mzee wangu," akasema kwa sauti ya kaswida, "usione vibaya. Kitu cha macho kwenye boga ni kingi kuliko hata kwenye yai. Hao ng'ombe umewaona kwa boga."

Mzee alitafakari, macho yakiwa bado kwenye bati.

"Basi," alitamka mwishowe, "boga nalo lina polotini yake." Akaketi, akachukua kijiko, akala kifungua kinywa chake chote mbele yetu, polepole, mpaka bakuli likawa safi.

Nyumbani, siku kadhaa hakuongea na mtu isipokuwa mbuzi. Tulipika ugali tukampelekea, akala. Tulingoja kelele, na kelele hazikuja. Nafikiri alikuwa akizitafuta na kila aliyoipata ilikuwa inapita kwenye tumbo langu, njia ambayo kwake ilikuwa imefungwa. Mwishowe, asubuhi moja, tulimsikia akimwambia mkewe kwamba kile kitu cha manjano, chochote kilichomo, kingeweza kurudi. Kikarudi. Mayai hayakutajwa tena. Mama mkwe aliacha kunigeuzia mgongo, ila alipokaa alitazama kando.

Nilijifungua hospitali ya mjini, mtoto wa kike, mzito, mwenye mapafu ya kuuza samaki. Damu ilinitoka kama inavyomtoka kila mzazi, na ikakoma. Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Alipoitwa ndani hakumtazama mtoto kwanza. Alikuja kitandani, akanivuta kope, akakunjua viganja vyangu vyote viwili. Ndipo akamgeukia mjukuu.

Mtoto alikuwa kipara. Sisemi nywele chache. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Hakukuwa na unywele hata wa kusingizia. Tulimtazama pamoja.

"Sawa," mama mkwe akasema, akamvalisha kofia.

Huyo mzee sasa! Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kushindwa kwa nywele. Alizunguka nyumba zote kumi. "Si nilisema? Nilisema au sikusema?" Yule aliyedhalilishwa kwa boga alikuwa amerudishiwa heshima yake na kichwa cha mtoto mchanga, na alimpenda mtoto yule kwa ajili hiyo kuliko wajukuu wake wote. Alimbeba kila mahali bila kofia, ili ushahidi uonekane. Mume wangu aliporudi na lori, kabla hajashuka vizuri, baba yake alikuwa ameshamwinulia kile kichwa.

Lakini wanawake waliokuja kunitazama hawakuangalia kichwa cha mtoto peke yake. Waliniangalia mimi, nimekaa, nanyonyesha, mashavu yamejaa. Miezi iliyofuata mjamzito mmoja akaja jikoni kwetu kumwuliza mama mkwe, kwa sauti ya chini, kama boga lipo. Mama mkwe akamkaribisha ndani, akageukia ukuta. Baada yake akaja mwingine. Nilipoondoka Ibadakuli kuku wa kwetu walikuwa wanataga kwa ajili ya nusu ya kijiji, na mjumbe, aliyekuwa anajua kila kinachopita kwenye nyumba zake kumi, hilo peke yake hakulijua.

Tulihamia Geita mwanzoni mwa miaka ya themanini, mume wangu alipoacha lori akaenda kutafuta dhahabu kama wenzake, na kama wenzake akapata zaidi matope. Mama mkwe alikuja kukaa nasi mwezi mzima. Tulikuwa tukikaa mlangoni mchana tukitazama wachimbaji wakipita na sururu zao, wanacheka, wanatukanana, wengine vijana wadogo kabisa. Siku moja bila kuulizwa akaanza kunisimulia habari za binti yake. Kwamba alikuwa mrefu. Kwamba alicheza ngoma vibaya lakini hakuacha kucheza. Kwamba aliwahi kumficha mbuzi ndani ya ghala la mtama kwa sababu hakutaka achinjwe, na mbuzi akala mtama wote. Alisimulia mpaka jua likageuka, na mimi nikawa nasogeza kile kigoda chake kidogo kidogo kukifuata kivuli, ili asisimame.